Chromecast yenye Google TV: kitufe kimoja, kazi mbili

Wauzaji wa vifaa vya elektroniki katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, huulizwa kila siku kama kifaa fulani kinaweza kurusha simu kwenye runinga, na karibu kila mara jibu lao ni ndiyo. Hawadanganyi. Hata hivyo jibu hilo halimfikishi mnunuzi mbali, kwa sababu zipo njia mbili tofauti kabisa za kutoa picha kwenye simu au kompyuta na kuifikisha kwenye kioo kikubwa pasipo waya, na kifaa kinachoimudu vyema njia moja kinaweza kuwa cha wastani tu katika nyingine. Nimekitumia kifaa cha Google kiitwacho Chromecast yenye Google TV, toleo la HD, kwa muda wa kutosha kukifahamu, na tathmini yangu yote inaegemea tofauti hiyo. Katika njia ya kwanza sijaona cha kukishinda kwa bei yake. Katika njia ya pili mnunuzi anapaswa kujua mapema anachokitolea fedha.

Kifaa chenyewe ni kidogo, bapa, chenye umbo la yai, na hukaa nyuma ya runinga kikining'inia kwa waya mfupi wa HDMI ulioungwa nacho moja kwa moja. Ndani ya boksi kuna rimoti, betri zake mbili, waya wa USB wa kuleta umeme na adapta ya kuchomeka ukutani. Google ilikitoa Septemba 2022 kwa dola 30 za Marekani, miaka miwili baada ya toleo la 4K lililotoka kwa dola 50. Kwa kuwa Google haina duka lake Tanzania wala Kenya, vinavyouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi vimeletwa na wafanyabiashara, na bei yake hubeba nauli, ushuru na faida ya kila aliyekishika njiani. Vilivyotoka Marekani huja na plagi ya pini mbili bapa ambayo haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu. Soma maandishi madogo kwenye adapta: ikiwa yameandikwa volti 100 hadi 240, kibadilishi cha plagi kinatosha, na hakuna haja ya transfoma.

Njia ya kwanza ndiyo iliyoipa Chromecast jina tangu ile ya awali ilipozinduliwa Julai 2013. Mtu anapofungua YouTube kwenye simu na kugusa alama ya mstatili wenye mawimbi pembeni, simu haipeleki video yoyote kwenye runinga. Kabla ya hapo simu imekwisha kuuliza, kwa tangazo linalosambazwa kwa vifaa vyote vya mtandao wa nyumbani kupitia anwani maalumu ya 224.0.0.251, ni nani hapa anayeweza kupokea. Kifaa nacho kimejibu kwa kutaja jina lake, na ndiyo sababu jina kama «Sebuleni» linakuwa tayari kwenye orodha unapoifungua. Ukilichagua, simu na kifaa hufungua mawasiliano yaliyosimbwa ili asiyehusika asiyasome, kisha simu hutuma ujumbe mfupi: fungua programu hii, cheza video hii, anzia dakika hii. Kutoka hapo ni kifaa kinachokwenda chenyewe hadi kwenye seva za YouTube, kikaichukua video na kuionyesha. Ni sawa na kumpa mtu anwani ya duka akanunue mwenyewe, badala ya kumbebea mzigo hadi nyumbani kwake.

Ukishauelewa utaratibu huo, mambo mengi yanayowashangaza watumiaji wapya yanakuwa wazi. Simu inaweza kuzimwa kioo, ikatumika kupiga simu nyingine, au ikaondoka na mwenyewe kwenda dukani, na video ikaendelea bila kukatika, kwa kuwa video haikuwa ikipita ndani ya simu. Betri haiishi haraka. Ubora wa picha hautegemei umri wa simu yako hata kidogo: simu ya bei nafuu ya miaka sita iliyopita na simu ya bei kubwa iliyotoka juzi zitaleta picha ileile kwenye runinga, kwa sababu zote mbili zimetuma ujumbe tu. Hata zile alama za kusimamisha na kuendeleza zinazojitokeza kwenye simu za Android za watu wengine waliomo nyumbani ni matokeo ya utaratibu huohuo, kwani kifaa hutangaza kwa mtandao mzima kuwa kinacheza kitu. Familia yenye watoto itafurahi kujua kuwa kipengele hicho kinaweza kuzimwa katika programu ya Google Home, maana mtoto aliye chumbani mwake anaweza kuisimamisha taarifa ya habari ya babu yake sebuleni bila kunyanyuka kitandani.

Kwa kazi hii kifaa cha Google ni hodari kweli. Video huanza mapema, picha na sauti hukaa pamoja, na ikiwa runinga inakubali amri zinazopita kwenye waya wa HDMI, basi kugusa alama kwenye simu huiwasha runinga yenyewe na kuibadilisha iende kwenye tundu sahihi. Uwezo huo wa runinga mara nyingi huwa umezimwa tangu kiwandani au umefichwa chini ya jina la kibiashara: Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink, na Sony huuita Bravia Sync. Inafaa kuutafuta kwenye mipangilio siku ya kwanza, kwa kuwa unaondoa ile shughuli ya kusaka rimoti mbili kila unapotaka kutazama kitu.

Wanaotumia bando badala ya intaneti ya mwezi wana swali la haki: je, kurusha kunakula data zaidi? Kurusha kwenyewe hakuongezi kitu. Kinachoongeza ni ukubwa wa kioo, kwa sababu kifaa kikiona runinga ya HD huomba picha ya HD, wakati simu ingeridhika na picha ndogo zaidi. Makadirio ya Netflix yenyewe ni kwamba saa moja ya picha ya kawaida hutumia hadi gigabaiti 1, ya HD hadi gigabaiti 3, na ya 4K hadi gigabaiti 7. Hapa ndipo ninapolipendelea toleo la HD kuliko la 4K kwa nyumba nyingi za kwetu, ingawa wauzaji husukuma la 4K kwa kuwa lina bei kubwa zaidi. Toleo la HD haliwezi kuvuka mistari 1080, hivyo halitakumalizia bando kwa kuchukua picha ambayo runinga yako ya inchi 32 isingeionyesha tofauti yake. Zaidi ya hapo, kichakataji chake kinausoma mfumo wa AV1, ambao toleo la 4K la 2020 haliusomi. Mfumo huo huibana video zaidi kuliko mifumo iliyoutangulia huku ukibakiza ubora uleule, na YouTube huutumia kwa sehemu kubwa ya video zake. Mwenye bando dogo anaweza pia kufungua alama ya gurudumu ndani ya YouTube kwenye runinga na kushusha ubora hadi 480 kwa rimoti. Kwa mhadhara au mawaidha ambayo mtu anasikiliza zaidi ya kutazama, hakuna kinachopotea.

Njia ya pili ni kuakisi skrini, na hapa hali inabadilika kabisa. Simu au kompyuta hupiga picha ya kioo chake mara nyingi kwa sekunde, ikazibana picha hizo kuwa video papo hapo, ikazituma kwa Wi-Fi, na kifaa kikazifungua na kuzionyesha. Mzigo wote sasa uko kwa mtumaji. Simu lazima ibaki imewashwa, hupata joto, betri hushuka upesi, na kati ya kidole kugusa na runinga kuonyesha kuna kuchelewa kunakoonekana kwa macho. Kwa kuonyesha picha za safari, jedwali la hesabu za kikundi au ukurasa wa gazeti, kuchelewa huko hakumsumbui mtu. Kwa mchezo unaohitaji wepesi wa vidole, hakufai. Filamu zilizolindwa na wenye hakimiliki mara nyingi hutoa kioo cheusi huku sauti ikisikika, kwa kuwa programu zake hukataza kioo kupigwa picha, na hakuna fundi atakayekutengenezea jambo hilo kwa sababu si ubovu.

Tofauti ya njia hizi mbili niliiona kwa ukaribu sana nyumbani kwa shangazi yangu, Mji Mkongwe, Unguja, baada ya jamaa wa Muskat kutuma video za harusi kwa WhatsApp. WhatsApp haina alama ya kurusha, kwa hiyo binamu yangu aliakisi skrini nzima ya simu yake. Video ilikuwa imepigwa simu ikiwa wima, hivyo bibi harusi alitokea kwenye kipande chembamba katikati ya kioo kikubwa, weusi kulia na kushoto, na kila dakika chache ujumbe mpya uliingia na kujisomesha kwa wote waliokaa sebuleni, pamoja na mmoja uliohusu deni. Shangazi alikuwa akiomba, «Mwanangu, nirudishie pale anapoingia ukumbini,» na kila kurudisha nyuma kulichelewa kidogo kufika kwenye runinga. Tulipoifungua video ileile kwa programu ya VLC na kugusa alama ya kurusha ndani yake, mambo yalitulia. VLC imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 3.0 la Februari 2018: huligeuza faili lililomo ndani ya simu kuwa kitu ambacho kifaa kinaweza kukifuata chenyewe kupitia mtandao wa nyumbani, na hivyo ujumbe unaoingia kwenye simu hauonekani kwa mtu mwingine. Google Photos nayo ina alama hiyo kwa picha na video. Mwenye kifaa hiki na ajizoeze kuanza na programu hizo mbili. Kuakisi skrini kubaki kuwa njia ya mwisho. Tahadhari ni moja tu, kwamba faili la mfumo ambao kifaa hakiusomi huilazimu VLC kulibadilisha wakati linacheza, na simu dhaifu hukwama.

Faili likiwa ndani ya simu, kulirusha hakuli bando kwa kiasi cha kutajika, kwani safari yake inaishia kati ya simu, ruta na kifaa. Lakini usidhani kwamba intaneti haihitajiki. Ukurasa unaopokea na kucheza lile faili hupakuliwa kutoka mtandaoni kila kazi inapoanza, kwa hiyo bando likiisha kabisa, alama ya kurusha haina msaada hata kama filamu iko mkononi mwako. Kwa maeneo ambayo mtandao ni wa kubahatisha, huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote ya kifaa hiki, na ninautaja kwa uzito kwa sababu mabango ya dukani hayautaji.

Anayeishi katika hali hiyo anapaswa kuangalia mfumo mwingine, yaani Miracast, uliotolewa na Wi-Fi Alliance mwaka 2012. Huo huziunganisha simu na runinga moja kwa moja, bila ruta na bila intaneti, kisha huakisi skrini. Runinga nyingi za kisasa zina mfumo huo ndani yake, na kompyuta za Windows zimekuwa nao tangu Windows 8.1: ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, orodha ya vipokezi hufunguka pembeni. Ni hapa ambapo wanunuzi wa Chromecast hurudi dukani wakilalamika kuwa kifaa ni kibovu, kwa sababu hawakioni kwenye orodha ile. Hakitaonekana kamwe, kwa kuwa Chromecast haizungumzi lugha ya Miracast. Kwenye kompyuta mpakato unapaswa kufungua kivinjari cha Chrome, uende kwenye nukta tatu za pembeni, na uchague kurusha. Utapewa nafasi ya kurusha kichupo kimoja, yaani ukurasa mmoja uliofunguliwa ndani ya kivinjari, au skrini nzima. Kurusha kichupo kunafaa zaidi kwa mwalimu au mtoa mada, kwani darasa linaona slaidi tu huku yeye akiendelea kusoma maelezo yake kwenye dirisha lingine. Hata faili la video lililomo kwenye kompyuta linaweza kufunguliwa ndani ya kichupo na kurushwa kwa namna hiyo.

Wenye iPhone wana hadithi yao. Apple ina mfumo wake, AirPlay, wa tangu mwaka 2010, na Chromecast haiupokei. YouTube na programu nyingine zenye alama ya Google hufanya kazi kwenye iPhone bila tatizo, mradi mwenye simu ameziruhusu kuona mtandao wa nyumbani. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kila programu huomba ruhusa hiyo mara moja, na wengi hubonyeza kukataa bila kusoma. Matokeo yake ni kwamba alama ipo lakini orodha ni tupu. Dawa iko kwenye mipangilio ya faragha ya simu, sehemu ya mtandao wa karibu. Macbook zenye macOS Sequoia ya mwaka 2024 nazo huuliza swali hilohilo kwa Chrome.

Orodha tupu ina sababu nyingine, ambayo huwakuta wapangaji na wageni wa hoteli. Mitandao ya hosteli, hoteli na ofisi mara nyingi huwekewa kizuizi kinachofanya kila kifaa kiione intaneti bila kuviona vifaa jirani. Ni kinga nzuri dhidi ya wizi wa taarifa, lakini lile tangazo la simu la kuuliza nani anapokea halimfikii mtu. YouTube inayo njia ya kupita hapo: fungua YouTube kwenye runinga kwa rimoti, tafuta sehemu ya kuunganisha kwa msimbo, kisha uandike tarakimu hizo kwenye simu. Kuanzia hapo viwili hivyo huwasiliana kupitia seva za YouTube, na simu inaweza kuwa hata kwenye data zake yenyewe wakati kifaa kiko kwenye Wi-Fi. Kwa wanaotegemea hotspoti, ushauri wangu ni kutumia simu mbili: moja igawe mtandao, nyingine iunganishwe kwenye mtandao huo na ndiyo irushe. Simu moja kufanya kazi zote mbili huwezekana kwenye baadhi ya simu za Android na kushindikana kwenye nyingine, na anayetaka kutazama mpira kwa utulivu hapaswi kubahatisha.

Kuhusu umeme, ninamsihi kila mnunuzi atumie adapta iliyokuja na kifaa. Tundu la USB la nyuma ya runinga linavutia kwa kuwa linapunguza waya, lakini matundu ya USB 2.0 ya runinga nyingi yametengenezwa kutoa nusu ampea tu, na kifaa kikikosa nguvu ya kutosha hujizima katikati ya kazi au hugoma kuwaka. Pia kikichomekwa hapo huzimika kila runinga inapozimwa, na kila ukiiwasha lazima ukisubiri kianze upya. Umeme ukikatika na kurudi, subira hiyohiyo inahusu ruta vilevile, na wakati mwingine kifaa huwaka kabla ya ruta. Kikikaa bila mtandao, kukichomoa na kukichomeka tena baada ya ruta kutulia hutosha.

Kifaa kinapokea Wi-Fi ya masafa ya gigaherzi 2.4 na ya gigaherzi 5. Ya 5 ni ya kasi zaidi na haina msongamano, lakini huchoka upesi inapokutana na kuta. Katika nyumba ya tofali za saruji yenye ruta sebuleni, chagua ya 5. Katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe au Lamu, ambazo kuta zake ni za mawe ya matumbawe na zina unene wa kuweka dirisha zima ndani yake, ya 2.4 ndiyo itakayofika, na kama ruta iko chumba cha tatu, huenda hata hiyo isifike vizuri. Kifaa hakina tundu la waya wa mtandao. Ipo adapta ya pembeni inayoliongeza, na kwa nyumba za namna hiyo ni fedha iliyotumika vyema.

Kwa kuwa ni kifaa chenye Google TV kamili, kina rimoti na programu zake, na unaweza kutazama bila kugusa simu. Sehemu hii ndiyo ninayoisifu kwa uchache. Hifadhi yake ni gigabaiti 8, na sehemu kubwa ya hizo imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe. Kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 1.5. Ukiweka programu chache unazozitumia kweli, kinakwenda vizuri. Ukikijaza kama unavyojaza simu, kitakuwa kizito na kitaanza kukataa masasisho. Wanaotaka runinga yao iwe kompyuta ndogo yenye michezo na programu nyingi watafute kitu kingine.

Jambo ambalo mnunuzi wa kwetu anapaswa kulipima kwa makini kuliko vipimo vyote hivyo ni umri wa huduma. Kwa kuwa njia ya kwanza ya kurusha inategemea makubaliano kati ya simu, kifaa na seva za mwenye programu, yeyote kati yao anaweza kuiondoa. Mwishoni mwa 2025 Netflix iliondoa alama ya kurusha kutoka kwenye simu kwenda kwa runinga na vifaa vingi vyenye rimoti yake, kikiwemo hiki. Netflix sasa unaifungua kwa rimoti. Chromecast ya kwanza, ile ya 2013, iliacha kupokea masasisho mwaka 2023. Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili, za mwaka 2015, zilikataa kupokea kazi duniani kote kwa sababu cheti cha kidijitali cha miaka 10 kilichomo ndani yake kilifikia tarehe ya mwisho. Google ilitoa sasisho siku chache baadaye, na waliokuwa wamekwisha kukirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani wakidhani ni kibovu walipata taabu zaidi kukifanya kifanye kazi tena. Agosti 2024 Google ilitangaza kuacha kutengeneza Chromecast zote na kuleta Google TV Streamer ya dola 100, yenye gigabaiti 32 za hifadhi na tundu la waya wa mtandao. Kwa hiyo Chromecast unayoikuta dukani leo ni ya akiba iliyobaki au imetumika. Bado inafanya kazi na bado ninaipendekeza, lakini bei yake sharti iakisi ukweli huo, na muuzaji anayedai bei ya kitu kipya kilichotoka jana aambiwe hivyo kwa heshima.

Kabla ya kununua chochote, geuza runinga yako au fungua menyu yake. Runinga zenye Google TV au Android TV, zikiwemo nyingi za TCL, Hisense na Sony, zina kipokezi hikihiki ndani yake, na mwenye nayo hahitaji kifaa cha nje. Samsung hutumia mfumo wake, na LG pia, ingawa baadhi ya LG za mwaka 2024 zimewekewa kipokezi cha Google. Kwenye runinga hizo za mifumo mingine alama ya kurusha ya YouTube hutokea, lakini alama ya programu nyingine mara nyingi haitokei. Sababu ni kwamba YouTube na Netflix zilikuwa na itifaki yao ya kuzindua programu kwenye runinga, iitwayo DIAL, ambayo watengenezaji wengi waliikubali kabla Google haijaeneza ya kwake. Kama unachotazama ni YouTube tu, runinga hiyo inakutosha kama ilivyo.

Kwa nyumba yenye runinga nzuri ya zamani isiyo na intaneti ndani yake, yenye tundu la HDMI na mtandao usiokatika hovyo, hiki ndicho kifaa ambacho ningemnunulia mzazi wangu. Anayenunua kilichotumika akitaka kujiridhisha, aombe kichomekwe kwenye runinga ya dukani kwa adapta yake yenyewe. Kwanza ashike kitufe kidogo cha nyuma ya kifaa bila kuachia: taa itameta njano, kisha itageuka nyeupe iliyotulia, na hapo akaunti ya mwenye kukiuza itakuwa imefutwa. Rimoti ijaribiwe vitufe vyote, hasa cha sauti, kwa kuwa kupata rimoti nyingine halisi ni kazi. Halafu akiunganishe na hotspoti ya simu ya mwenzake, arushe video ya YouTube kutoka kwenye simu yake mwenyewe, azime kioo cha simu hiyo, na asubiri video icheze kwa dakika kumi bila kifaa kujizima, huku akishika mgongo wa kifaa kuona kama kinapata joto lisilo la kawaida.